Cheche Chini ya Kanga

Pikipiki kuukuu ya mkunga Tausi ilikuwa inamisi, injini ikikatakata njiani, na kuzimika ikijisikia, lakini kila ikifika kwa fundi Kombo ilinguruma vizuri, mpaka Tausi akaonekana mzushi.

"Leo usipouona ugonjwa wake, naiuza," alisema Tausi. "Wiki iliyopita ilinizimikia kwenye umande, mama wa watu akajifungua peke yake. Wako salama, namshukuru Mungu. Lakini nadhani ananiambia nipumzike."

"Kwenye umande?" Kombo alichovya vidole kwenye kopo la maji, akanyunyizia injini iliyokuwa ikiunguruma. Ikaanza kukohoa. "Nipe kanga yako, mama. Nataka giza."

"Jua lote hili, giza la nini?"

"Ingia tu. Mke wangu yuko pale, anatuona."

Wakaingiza vichwa chini ya kanga. Tausi alikuwa akisali kimoyomoyo alipoona cheche ya buluu ikiruka kutoka kwenye waya wa plagi hadi kwenye chuma cha injini, ikipotea, kisha ikiruka tena.

"Waya umepasuka," alisema Kombo. "Ukilowa, moto unavujia hapo, haufiki kwenye plagi. Mungu hakuambii upumzike, mama. Anakuambia ununue waya."

Tausi alicheka mpaka kanga ikatikisika. Lakini tangu pikipiki iharibike, alikuwa ameanza kuuzoea usingizi wa usiku kucha.

"Nizime?" Kombo aliuliza.

"Ngoja kwanza, baba."

Akabaki ameinama, akiitazama ile cheche ikiruka gizani.