Ziko kwa Nyanya

Marguerite aling'oa shina la mwisho la nyanya, akafukua kwa vidole, akakuta udongo mweusi tu wa Sugar Land, huko Amerika, unaonata kama ugali usioiva. Akalia pale pale, magoti matopeni, nyanya mbichi zimetapakaa kila upande wake. Dirishani Mzee Thornbury alikuwa akigonga kioo kwa kiganja.

"Nyanya! Nyanya!"

"Nimeona, Papa," akasema bila kugeuka. "Nitapanda zingine."

Kilichomhangaisha ni hati za shamba la kina Thornbury huko Uingereza. Si karatasi hizi za kuchapa. Zilikuwa ngozi za kondoo, zimekunjwa, zimeandikwa kwa mkono wa madoido, mihuri ya nta nyekundu ikining'inia kama hereni. Babu kwa babu walirithishana ng'ombe, ngano na ngozi hizo, wala hawakuwahi kuliandikisha shamba serikalini. Bila ngozi zenyewe hakuna anayelinunua. Na Jackie, binti pekee wa mzee, alikuwa amekwisha pata mnunuzi. Alipofungua sanduku la hati nyumbani kwa baba yake alikuta harufu ya vumbi tu.

Nyumba ile ilikuwa na watu wawili: mzee aliyesahau hata jina la bintiye, na Marguerite, mtunzaji wake, aliyelala chumba cha pili.

"Ijumaa nakuja na askari," Jackie alimwambia Jumatatu. "Kama hujanipa, utawaeleza wao."

Marguerite hakuogopa kupoteza kazi. Kazi huisha, nyingine hupatikana. Aliogopea kiapo. Alikimbia vita Uvira na bintiye Carmel mgongoni, wakakaa kambini hata Carmel akavunja ungo humo humo. Sasa Marguerite mtihani wa uraia alikwisha faulu. Kilichobaki ni kuinua mkono mbele ya jaji na kuapa. Jina likishaingia polisi kwa wizi, mkono huo atauinua wapi?

Mzee mwenyewe alizaliwa Kenya, baba yake alipokwenda kulima upande wa Nandi. Kiingereza alipewa shuleni. Kiswahili alikipata jikoni, na migongoni mwa yaya. Uzee ulipokuja ulimnyang'anya kile cha shule, ukamwachia cha jikoni, na ndiyo maana kampuni ya watunzaji ilimpelekea Marguerite. Jackie Kiswahili hakukijua hata salamu.

"Papa, ile makaratasi ya ngozi iko wapi?" Marguerite humuuliza akimlisha uji.

"Ziko kwa nyanya," mzee hujibu, macho yakimcheka kama mtoto aliyeficha peremende.

Mambo ya nyanya hayakuanza leo. Kila asubuhi alipaza sauti kitandani, "Nyanya!" Marguerite humkatia moja, akainyunyizia chumvi, mzee huisukuma sahani na kumshika mkono. Basi Marguerite akadhani hati zimefukiwa bustanini, akachukua jembe.

Ijumaa hiyo Cherotich, nesi Mkenya aliyekuja kumpima mzee presha, alisimama mlangoni akiitazama bustani.

"Woi, Mama Carmel! Nguruwe wamepita hapa?"

Marguerite akamweleza. Cherotich akacheka mpaka akakaa chini.

"Nyanya ya kula? Kwetu nyanya ni bibi!"

"Bibi? Bibi yake alikufa, na alikuwa Mwamerika."

"Si mke, wewe! Mama ya mama. Mama ya baba."

"Koko! Sisi tunasema koko!" Marguerite akajishika mdomo. "Mungu wangu! Mie nilikuwa namukatia koko yake na chumvi!"

Wote wawili wakainua macho ukutani. Pale alining'inia bibi kizaa baba wa mzee, Mwingereza mwenye kofia pana, kando ya ng'ombe aliyenona. Wakamshusha. Marguerite akabandua ubao wa nyuma kwa kisu cha mkate.

Utando wa buibui.

Cherotich hakucheka tena. Mgonjwa mwingine alikuwa akimngoja mji jirani wa Stafford. Akamkumbatia Marguerite, akaondoka akimwombea. Gari lake lilipotoka, la Jackie likaingia, na nyuma yake la askari.

Jackie akaiona bustani. Akaiona picha ya yule bibi iko mezani, mgongo wazi.

"Sasa unabomoa nyumba?"

Maji yalikuwa yamemfika Marguerite shingoni. Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, akasema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza:

"Anzeni chumba changu. Geuzeni kila kitu. Siogopi."

Askari akafungua begi, akatoa droo, akakung'uta vitenge kimoja kimoja. Hakuna. Jackie akaanza kutazama chini. Aibu ilikuwa imehama, Marguerite aliiona kwa macho yake ikihama, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu pumzi ikamshuka hadi tumboni.

"Na godoro," akasema mwenyewe. "Usiache kitu."

Askari akainua godoro.

Ngozi zilikuwa pale, zimelazwa vizuri juu ya taulo, mihuri yote mizima.

Mzee alikuwa amejikokota mpaka mlangoni. Akampita bintiye, akampita askari, akalaza kichwa chake cheupe begani kwa Marguerite.

"Pole, Nyanya," akamwambia. "Wamezipata."

Askari akamgeukia Marguerite.

"Amesema nini?"