Sweta Chini ya Taa

Tunu alisogeza sinia la vipande vya mwamba chini ya taa ya zambarau. Mwamba wenye mafuta hung'aa manjano. Huu ulibaki mweusi tii, kama wa jana.

"Dada Tunu, vipi?" msimamizi aliuliza akiwa mlangoni. "Wakubwa wanataka tufunge kisima."

Tunu aliponyoosha mkono aizime taa, sweta lake likang'aa. Vidole vinne vya manjano vilimshika juu ya kiwiko, pale mumewe mchimbaji alipomshika akimuaga mara ya mwisho, mikono imejaa mafuta. Tangu amzike hakulifua, ingawa harufu yake ilishaisha.

"Umeona chochote?"

"Hakuna kitu, kaka. Fungeni."

Msimamizi akaondoka. Tunu akaweka vidole vyake juu ya vile, kimoja kimoja, na taa akaiacha iwake.