Kima Aliyekataa Kuachia

Usiulize ilikuwa lini, mie nilikuwepo. Kima, bingwa wa kushika, alitamani kuyu zilizoiva ng'ambo ya ghuba, na njia ilikuwa moja tu: ubao wenye tanga. Bata akamfundisha.

"Kunja magoti. Upepo ukikuzidi, achia tanga."

"Niachie? Shangazi, ukoo wetu hauachii tawi!"

Upepo ukaja. Chubwi! Mara tisa alitupwa majini na tanga lake, Bata akicheka hadi kwikwi.

Mara ya kumi mikono ilichoka, ikaachia yenyewe. Tanga likalala, Kima akabaki wima kama bwana harusi.

"Nimejua, shangazi!"

Akaliinua tena taratibu, akavuka akiimba, akapanda mkuyu. Huko juu upepo ukavuma, na mwanafunzi wetu hodari akaachia tawi.

Kuyu alizilia chini, nundu kichwani, akicheka.