Wimbo wa Kutwangia

Siku hizi kila mzee aliyepoteza kumbukumbu huwekewa wimbo mmoja sikioni, ukamrudisha kwenye miaka ya wimbo huo. Jamaa wakishachagua, hakuna kubadilisha.

Mkawasi alimwekea mama yake kwanza, kwa kujaribu, wimbo ulioimbwa yeye Mkawasi alipobatizwa. Mama akamtambua. "Mwanangu! Baba yako yuko wapi?" Alipoambiwa kuwa mumewe alikwisha kufariki, akalia kana kwamba amezikwa leo.

Wimbo wa kutwangia mahindi, wa usichana wa mama, ulimchekesha, akamwambia Mkawasi: "Dada, shika mchi, acha uvivu!"

Mkawasi alipiga magoti, akaomba, akauchagua huo.

Jioni, akilishwa uji, mama alimtazama kwa huruma.

"Dada, wewe una mama?"

"Ninaye."

"Basi nenda nyumbani. Atakuwa anakungoja."