Masikio ya Mtoto

Fundi hakuondoa macho mlangoni. Akinywa chai, macho mlangoni. Akikohoa, macho mlangoni. Tangu asubuhi hakuthubutu kwenda hata chooni, asije akaitwa akakosekana.

Mara moja tu aliinama kufunga kamba za viatu, na mara hiyo hiyo nesi akatoka na mtoto.

"Baba mtoto! Wewe baba mtoto! Jamani, huyu vipi, ameota mizizi?"

Mpaka alipoguswa bega ndipo alipokurupuka, nusura amwage chai. Watu wa benchi wakacheka. Baba wapya ndivyo walivyo, akili zote ziko wodini.

Nesi alimwonyesha mtoto kidogo, kisha akaingia naye chumba cha vipimo, akafunga mlango.

Jana yake, binti alipozaliwa, Fundi alijua kwa kumtazama mama yake mzazi. Mwanamke mwenye magoti mabovu, lakini aliruka pale kwenye benchi kama msichana wa shule. Baadaye wakamletea mtoto: mdomo wazi, ngumi zimefumbatwa, amekasirika kama mtu aliyeamshwa bila sababu. Fundi alilia mbele ya wanaume wenzake wala hakuona haya. Vidole vyote vipo, pua ya mama yake, kila kitu mahali pake. Kilibaki kitu kimoja tu, masikio, na hicho kimoja ndicho kilichomnyima usingizi.

Alikuwa na sababu. Alikulia katika nyumba yenye mtoto mmoja kiziwi, na maisha yale aliyajua kuliko daktari yeyote. Watu wanakula, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mtoto anavuta nguo ya baba, anataka kujua kinachochekesha. Anaambiwa asubiri, ataelezwa baadaye. Hiyo baadaye mpaka leo haijafika. Hakuna aliyemchukia yule mtoto. Walimpenda, walimpa kipande kikubwa cha nyama, wakaendelea kucheka. Fundi alikuwa ameapa kwamba upweke ule hautaingia nyumbani kwake.

"Anapimwa masikio," mama yake alimwambia mwanamke aliyekaa upande wa pili wa Fundi. "Nimemwomba Mungu asinirudishe kule kule. Niliyoyaona yanatosha."

"Atasikia tu, mama. Acha kujitia presha."

"We acha tu, mwenzangu. Hujui nililia miaka mingapi."

Fundi alikuwa katikati yao, macho mlangoni. Aliinuka, akaenda dirishani kumtazama mkewe.

Wodi ile haikuruhusu wanaume. Kulikuwa na dirisha moja kubwa la kioo, lisilofunguka, na wanaume wengine walikuwa wakiligonga na kupayuka, "Nini? Unasema nini? Nipigie simu!" mpaka mlinzi akawafokea kwamba hapa si sokoni. Fundi na mkewe hawakumsumbua mtu. Wao waliongea vizuri tu, kioo kimefungwa hivyo hivyo, mpaka utani ukaingia.

"Umekula?" mkewe alimuuliza.

"Nimekunywa chai."

"Chai si chakula. Na hizo nywele, binti yako akikuona vizuri atarudi alikotoka."

Fundi akacheka, kwa mara ya kwanza siku ile. Kisha mkewe akaacha mzaha.

"Naogopa."

"Hata mimi."

"Tutampenda vyovyote atakavyokuwa."

"Tutampenda," Fundi alisema. "Ila naogopa."

Mlango wa chumba cha vipimo ukafunguliwa. Nyuma ya Fundi, daktari alitoka akitabasamu, nesi akimfuata na mtoto. "Hongera, bibi! Masikio yote mawili, safi kabisa! Anasikia mpaka sindano ikidondoka!"

Mama yake akapiga kigelegele kilichotikisa korido nzima. Benchi lote likapiga makofi. Mtoto akashtuka, akarusha mikono, akaanza kulia kwa nguvu zake zote.

Fundi hakugeuka. Aliendelea kumtazama mkewe kupitia kioo, mpaka mama yake alipomshika bega, akamgeuza, akajigusa sikio, akamwinulia dole gumba. Machozi ya furaha yalikuwa yakimtiririka. Fundi akamkumbatia, akamtabasamia daktari, akampapasa binti yake shavu.

Alipogeukia tena dirisha, mkewe alikuwa ameketi kitandani, mikono yote miwili juu. Vidole vyake vilikuwa vikiuliza, vikirudia, haraka haraka.

"Ni mwenzetu?"

Fundi naye akainua mikono, polepole.

"Ni mwenzao."