Alama Nne za Mbeba Ngao

"Kumi na saba, toa kumi na tatu," mshonaji alisema, akifuta kwa raba. "Nne."

Alifuta taratibu, maana pale pa kuandikia alama za afya karatasi ya mchezo ilikuwa imesuguliwa mpaka ikatoboka. Mwezi uliopita aliiziba kwa nyuma kwa kipande cha kitambaa kigumu cha kola, akakishikiza kwa mishono midogo midogo.

Walikuwa wanne kuizunguka meza ya kukatia nguo: yeye, kinyozi wa jirani, mwalimu wa hesabu, na shemeji yake, mdogo wa mume wake, ambaye ndiye aliyesimamia mchezo. Kila Jumamosi alasiri mikasi iliondolewa, dadu zikawekwa, na watu wazima wenye mvi zao wakageuka mashujaa. Kinyozi alikuwa Mrusha Mishale. Mwalimu alikuwa mchawi, na wanafunzi wake wangesema hapo hakuna kilichobadilika. Mbeba Ngao, aliyesimama mbele na kupokea mapigo ya wote, alikuwa mhusika wa mume.

Mume ndiye aliyemuumba. Ndiye aliyemkokotolea afya tangu mwanzo: kila akipanda ngazi, rusha dadu ya nyuso kumi, ongeza tatu za ukakamavu, jumlisha na za zamani. Ndiye pia aliyeweka sheria ya meza, kwamba mhusika haachwi njiani. Hufa kwa dadu tu, afya yake ikifika sifuri, na mwenyewe asipokuwepo, wa nyumbani kwake humchezea. Basi kwa miezi saba mshonaji alimchezea. Saa kumi na moja jioni, mchezo ukiisha, shemeji huuliza Mbeba Ngao amebaki na ngapi, akaiandika namba hiyo kwenye simu yake. Kumbukumbu, alikuwa akisema.

Nusu ya kabati la nguo ilikuwa tupu. Kiti cha upande wa dirishani hakikukaliwa na mtu. Katika nyumba nzima, kilichobaki cha mume kilikuwa karatasi ile.

Mshonaji hakulia tena. Wateja waliokuja kupimwa nguo walishusha sauti, "Jikaze, dada," naye akawaambia wanyooshe mikono. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, na hakuona haraka ya kuuamsha.

"Zamu ya joka," shemeji alisema. Akarusha dadu nyuma ya daftari alilolisimamisha mbele yake, wenzake wasione. "Limemkosa Mbeba Ngao."

"Tena?" mshonaji aliuliza.

"Bahati yake."

Bahati gani hiyo isiyochoka? Kwa miezi saba maadui wote walimkosa Mbeba Ngao kila afya yake ilipopungua. Mwalimu wa hesabu, ambaye angeweza kueleza jambo hilo hutokea mara ngapi duniani, alikuwa akikagua dari. Walimhurumia mshonaji, naye alijua. Huruma yao ilimchosha kuliko kushona sare za shule nzima.

Akanyoosha mkono, akalilaza daftari.

"Kumi na nane," akasoma. "Namba kubwa hivi, shemeji, limempata."

Kinyozi akakohoa.

"Una chupa ya dawa," shemeji alisema haraka, macho yake kwenye dadu. Siku hizi hakumtazama usoni. "Mnyweshe kwanza. Inarudisha alama kumi. Sheria haisemi hivyo, lakini mimi nakuruhusu."

"Mrusha Mishale amebaki na ngapi?"

"Mbili, dada," kinyozi alijibu, akipapasa upara wake. "Lakini usinijali mimi. Nikifa leo, kesho naumba mwingine, na nywele nampa."

"Chupa hii hapa. Kunywa wewe."

"Dada, fikiria kwanza," mwalimu alisema. "Ukishamwacha huyu, ndiyo basi tena."

"La kuvunda halina ubani, mwalimu. Shemeji, rusha dadu za madhara. Hapa mezani, sote tuone."

Shemeji alizitikisa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Zikabiringika kwenye alama za chaki, moja ikagonga bobini ya uzi, zikatulia. Sita na tano.

Nne toa kumi na moja haihitaji mwalimu, lakini mshonaji aliikokotoa pembeni kwa penseli, kama alivyokokotoa nyingine zote. Kisha akaifuta nne, akachora duara mahali pake, juu ya kile kitambaa cha kola. Akangoja maumivu, kama mtu aliyechomwa sindano anavyongoja damu itokee. Hayakuja.

Kwa desturi ya meza, kila mmoja alitia saini chini ya karatasi. Mwalimu alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaivua tena. Kinyozi alitia yake, akamrudishia penseli kwa mikono miwili.

Ilipofika saa kumi na moja shemeji hakuuliza namba. Simu yake ndiyo iliyolia, mlio mfupi, pale mezani kati ya vikombe, kama ilivyolia kila Jumamosi saa hiyo. Akataka kuiwahi, lakini mkono wa mshonaji ulikuwa karibu zaidi.

Ujumbe ulitoka kwa Kaka: "Mdogo wangu, leo nimebaki na ngapi? Shemeji yako mpya anakusalimu."

Mshonaji akaandika neno moja, "Sifuri," akalituma, akakusanya vikombe akaenda kuviosha.