Pale Slasher Inaposimama

Boliti ilikatika tena pale pale, kwenye mteremko ambako mwaka jana trekta ilimlalia Lewis. Slasher, ile mashine ya kukata nyasi inayokokotwa na trekta, ikaacha kuzunguka. Khisa, dereva wa trekta, akazima injini, na kabla hajateremka kwenye kiti akamwona Mama Lewis anakuja kutoka nyumbani na birika la chai na vikombe.

"Ameniita," alisema, akaketi kwenye nyasi zilizokatwa.

Alimimina vikombe vitatu. Kimoja akampa Khisa, kimoja akashika, cha mwisho akakiweka kando yake na kuanza kumweleza marehemu mwanawe habari za ng'ombe aliyezaa na za mvua iliyochelewa Subukia. Khisa alibadilisha boliti bila kumtazama usoni.

Mwanzoni, baada ya mazishi, mama huyu alikuwa haongei na mtu. Chakula kilipoa mbele yake kikarudishwa jikoni. Kisha boliti ikakatika pale kwa mara ya kwanza. Mama aliteremka hadi pale, akazungumza na Lewis, na jioni ile akala. Tangu hapo kila nyasi zikikatwa ilikuwa hivyo hivyo, hata majirani wakaacha kukatiza shamba lile.

Jackie, binti yake, alipopata habari alikuja kutoka Nakuru na boliti nyeusi, nzito.

"Hizo zenu ni laini sana," alimwambia Khisa.

"Hutengenezwa laini makusudi. Slasher ikigonga jiwe, boliti inakatika, gearbox inapona."

"Kwani pale kuna jiwe?"

"Lilikuwako. Nililing'oa."

"Basi funga hii. Mum anaongea na hewa, Khisa. Nataka hii kitu iishe."

Khisa aliifunga, Jackie akiwa amemsimamia, kisha Jackie akabaki kando ya shamba, mikono kifuani, kuangalia. Trekta ilikata sehemu ya juu yote vizuri, nyasi zikalala. Ilipokaribia mteremko Khisa alipunguza mwendo, akainua slasher juu kabisa ili isiguse hata udongo.

Mlio mmoja mkavu ulisikika, slasher ikasimama.

Mama Lewis alikuwa tayari njiani na birika. Jackie alimtazama mamake akiketi, akapangusa macho kwa mkono wa sweta, halafu akaenda kukaa karibu na kile kikombe cha kando.

"Lewis," akasema polepole. "Ni mimi."

Khisa alichomoa kipande cha boliti. Tangu ile jioni mama alipokula, kila boliti aliyofunga alikuwa ameikata nusu kwa msumeno nyuma ya stoo, na akifika pale huishusha slasher hadi ichimbe ardhi. Hii ya leo hakuwa ameigusa kwa msumeno.